Maji ya Tangi la Samaki Yakichafuka, Tusikimbilie Sabuni

Tangi la kioo lenye samaki na mimea ya kijani hupendeza sebuleni. Watoto hukaa mbele yake wakiwapa samaki majina, na hata baba akirudi kazini amechoka hutulia akilitazama. Lakini baada ya wiki chache maji huwa meupe kama yaliyooshewa mchele, majani hugeuka manjano, na mama ndiye anayeulizwa: "Mama, samaki wetu wanaumwa?"

Mama wengi hapo hushika tangi kama wanavyoshika sufuria. Humwaga maji yote, husugua changarawe na chujio kwa sabuni, hujaza maji ya bomba na kurudisha samaki. Jioni tangi linang'aa. Keshokutwa samaki wanaelea, watoto wanalia, na fedha za nyumbani zimepotea.

Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba homa si ugonjwa bali ni dalili. Hatumpi mgonjwa dawa kabla ya kujua kinachomsumbua. Maji machafu na majani yanayokauka nayo ni dalili. Tuzisome kwanza, ndipo tutibu.

Walinzi tusiowaona

Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Ndani ya changarawe na sponji ya chujio hukaa bakteria wazuri. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na ukali huo, na mimea huila. Katika tangi jipya bakteria hawa huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kuenea. Tukisugua kwa sabuni na maji ya bomba yenye klorini tunawaua walinzi, na samaki wanabaki na sumu yao wenyewe.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1850, mkemia Mwingereza Robert Warington wa London alieleza jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu wawili pamoja na mmea wa Vallisneria, jamii ya mimea inayoota pia katika Ziwa Tanganyika. Majani yaliyooza yakachafua maji. Akatia konokono wa majini, wakala uozo ule, na maji yakatakata. Aliondoa chanzo cha uchafu, na dalili ikaondoka yenyewe.

Ila sisi tusiokote konokono bwawani au mtoni. Wako wanaobeba kichocho. Kutoa majani yaliyooza kwa mkono kunatosha.

Tazama rangi ya maji

Meupe kama maziwa: Bakteria wameongezeka ghafla. Huenda tangi ni jipya, chakula kimezidi, au kuna samaki aliyekufa nyuma ya jiwe. Mtafute, punguza chakula, uwe na subira. Kwa kawaida maji hutakata ndani ya siku chache au wiki moja hadi mbili.

Yenye vumbi tangu siku ya kwanza: Changarawe haikuoshwa vizuri. Ioshwe kwa maji matupu kabla ya kuwekwa.

Ya kijani: Ni mwani mdogo mno unaoelea. Mwanga umezidi. Tangi lisikae penye jua la dirishani, na taa iwake saa 6 hadi 8 kwa siku, si mchana kutwa na usiku.

Rangi ya chai: Hutoka kwenye gogo la mapambo. Haidhuru samaki.

Soma majani

Mmea mpya ukipukutisha majani, usiung'oe. Mimea mingi ya dukani hukuzwa ikiwa nje ya maji, kwa hiyo majani ya zamani hufa ikizoea makao mapya. Kata yaliyooza, ngoja machipukizi.

Majani ya chini, yaani ya zamani, yakiwa manjano, mara nyingi mmea umekosa naitrojeni. Yakitoboka vitundu vidogo, huenda ni potasiamu. Majani machanga yakipauka huku mishipa yake ikibaki kijani, umekosa madini ya chuma. Nunua mbolea ya mimea ya tangi la samaki. Mbolea ya shambani isitiwe kabisa, kwani inaweza kuongeza amonia.

Anubias, mmea wa asili ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, usifukiwe shina lake nene, maana litaoza. Ufunge kwa uzi juu ya jiwe. Na ukiona majani yameliwa pembeni, watazame samaki wa dhahabu: hao hupenda sana mimea laini.

Matibabu ya polepole

Badilisha robo ya maji kila wiki, si yote. Maji ya bomba yakae siku nzima katika ndoo iliyo wazi ili klorini itoke, au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Yasiwe baridi au moto kuliko ya tangini. Sponji ya chujio ikamuliwe ndani ya yale maji uliyoyatoa tangini. Chakula kiwe kile wanachokimaliza kwa dakika 2 hivi, na mtu mmoja tu apangiwe kulisha, maana kila mtoto akitupia lake, tangi litachafuka.

Badilisha jambo moja, kisha ngoja wiki. Ukibadilisha taa, chakula na mbolea kwa siku moja, hutajua kilichoponya wala kilichodhuru.

Dharura ni samaki kuhema juu ya maji. Hapo usingoje: badilisha robo ya maji siku hiyo hiyo na uongeze hewa. Umeme ukikatika, chota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara.

Usalama wa watoto

Mtoto anayetambaa anaweza kuzama katika ndoo yenye maji kidogo tu. Ndoo ya maji yanayotoa klorini iwekwe chumba kilichofungwa, na isisahaulike hadi ikazalisha mbu. Chomoa umeme kabla ya kutia mkono tangini. Usivute maji kwa mdomo kwenye mpira: ujaze mpira maji kwanza, ziba ncha zote mbili kwa vidole, ndipo ushushe ncha moja ndooni. Mwenye kidonda mkononi asiguse maji hayo, na kila mtu anawe kwa sabuni akimaliza. Sabuni ina kazi yake hapo, mikononi.

Tuwaite watoto watazame tunapofanya haya. Mpe mkubwa daftari aandike kila Jumamosi rangi ya maji, hali ya majani na idadi ya samaki. Tatizo likianza tena, daftari hilo litamwonyesha mama lilianza lini na ni kitu gani kilichobadilika wiki ile.