Je, Wajua? Parachichi haliivi mtini

Ukipita kwenye vihamba (mashamba yanayozunguka nyumba) vya Marangu, mkoani Kilimanjaro, utayaona maparachichi yananing'inia juu ya mibuni na migomba, makubwa kabisa. Usidanganyike: hata yakikaa huko wiki kadhaa, hayatalainika. Parachichi hukomaa mtini, lakini huiva likishachumwa. Kwa hiyo mti wenyewe ni ghala, na mkulima mjanja huchuma kidogo kidogo huku akiangalia bei.

Maua yake ni ya ajabu zaidi. Kila ua lina sehemu za kike na za kiume, ila hufanya kazi kwa zamu. Hufunguka kwanza likiwa la kike, hujifunga, kisha siku ya pili hufunguka tena likiwa la kiume. Aina ya Hass huanza zamu ya kike asubuhi; Fuerte huianza mchana. Ndiyo maana aina hizo mbili zikipandwa jirani, na nyuki wakiwepo, mavuno huongezeka. Anayepuliza dawa ya wadudu wakati wa maua anajihujumu mwenyewe.

Hass inayotawala soko la dunia imetokana na mti mmoja tu wa Rudolph Hass, mfanyakazi wa posta huko California, aliyepata hataza yake mwaka 1935. Miche yake huzalishwa kwa kubebesha, kwani mbegu haitoi mti unaofanana na mama.

Umenunua parachichi gumu? Lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Gesi ya ethilini itokayo kwenye ndizi italiivisha haraka.