Blogu ya Jinja au Mbale hulipa vipi?

Mwenye blogu Jinja au Mbale anayetegemea matangazo ya Google hatumiwi fedha mpaka salio lifike dola 100. Kwa wasomaji wachache hiyo ni miezi mingi, na vifurushi vya intaneti nchini Uganda vinatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021.

Afadhali kuwauzia tangazo moja kwa moja wenye malori na maghala, wakalipa kwa simu. Lakini watataka habari wanayoihitaji kila asubuhi: bei ya kahawa ya Mlima Elgon, foleni ya Malaba, barabara ya Iganga hadi Jinja. Bei ya juzi haimsaidii anayepakia leo. Na mwandishi akisifia ghala linalomlipa bila kusema ni tangazo, wasomaji watamkimbia, watangazaji nyuma yao.