Mto Uliofichwa Chini ya Mlima: Jinsi Pango Linavyochunguzwa na Kupimwa



Kamati za miradi katika sharika zetu zinapoleta maombi ya maji, swali la kwanza tunalowauliza ni hili: maji hayo yanatoka wapi, na wakati wa kiangazi hubaki kiasi gani? Wapo wanaoona kwamba tunawachelewesha. Katika toleo hili tunapenda kueleza jinsi swali hilo hilo lilivyotafutiwa jibu mahali pagumu sana, yaani katika pango la Pierre Saint-Martin, lililo juu katika milima ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Ni mbali na kwetu, lakini maji na mawe hufuata kanuni zile zile kila mahali.

Maji yanavyopotea ardhini

Milima ile ni ya mawe ya chokaa. Mvua inapopita hewani na kwenye udongo huchukua gesi ya kaboni dayoksaidi, nayo huyafanya maji kuwa na ukali kidogo. Maji hayo huyayeyusha mawe ya chokaa polepole kwa maelfu ya miaka. Nyufa hupanuka zikawa mashimo ya wima, na chini ya mashimo hayo mito hujichimbia njia. Ndiyo maana juu ya mlima wa namna hiyo utaona mwamba mkavu usio na kijito, na huku chini bondeni chemchemi inabubujika mwaka mzima.

Hapa kwetu pia mawe ya namna hii yapo. Mapango ya Amboni karibu na Tanga yamo katika mawe ya chokaa, na kule Unguja lipo pango la Mangapwani lenye maji baridi ndani ya mawe ya matumbawe.

Tundu la Lépineux

Mwaka 1950 mchunguzi wa mapango Georges Lépineux aliona ndege wa jamii ya kunguru akiruka kutoka kwenye ufa mdogo wa mwamba. Ufa ule ulikuwa mdomo wa shimo la wima lenye kina cha zaidi ya mita 300. Mwaka 1951 yeye mwenyewe aliteremshwa hadi chini kwa waya wa chuma uliofungwa kwenye winchi. Wachunguzi walikuta huko kumbi kubwa na mto unaopita gizani.

Mwaka 1952 walirudi. Mwezi Agosti Marcel Loubens, mmoja wa wachunguzi hodari wa Ufaransa wakati huo, alimaliza zamu yake chini na akaanza kuvutwa juu. Akiwa ameinuliwa mita chache tu, kifungio kilichoshika waya kwenye mikanda yake kiliachia. Alianguka juu ya mawe. Daktari wa msafara, André Mairey, aliteremka kwa waya ule ule ili amhudumie, lakini Loubens alifariki baada ya saa 36 hivi. Hapakuwa na njia salama ya kumtoa, hivyo wenzake walimzika humo humo chini ya mawe. Mwili wake ulitolewa mwaka 1954, na padre mmoja Mbelgiji, Jacques Attout, aliteremka shimoni akaongoza ibada kabla ya kazi hiyo.

Tunaitaja habari hii kwa sababu winchi haikuharibika, wala waya haukukatika. Kilichoachia ni kifungio kidogo kinachotosha kiganjani. Siku hizi wachunguzi hushuka kwa kamba maalumu, kila mmoja akiwa na vifaa vyake mwenyewe vya kushukia na kupandia, na kamba hufungwa sehemu mbili ili moja ikiachia nyingine ishike. Tena hawaingii katika pango la mto pasipo kuangalia hali ya hewa, maana mvua ikinyesha mlimani shimo la wima hugeuka kuwa maporomoko ya maji.

Jinsi pango linavyopimwa

Kulifika pango ni jambo moja, kulipima ni jambo lingine. Ndani ya mwamba hakuna mawasiliano ya setilaiti, kwa hiyo wapimaji hutumia vifaa vitatu: tepu ya urefu, dira ya kuonyesha uelekeo, na kifaa cha kupima mwinamo. Huanzia mlangoni na kwenda kituo kwa kituo. Katika kila kipande huandika urefu, uelekeo na mwinamo, kisha huchora umbo la njia. Siku hizi wengi hutumia kipimo cha laza mahali pa tepu, na kompyuta hufanya mahesabu, lakini kanuni haijabadilika.

Mfano ni huu. Kipande cha mita 20 kinachoteremka kwa nyuzi 30 maana yake tumeshuka mita 10 na kusonga mbele kama mita 17. Tukijumlisha vipande vyote tunajua tuko wapi chini ya mlima. Shimo la wima hupimwa kwa kushusha tepu yenye uzito hadi chini.

Makosa madogo hukua. Dira ikikosea kwa nyuzi moja tu, baada ya mita 100 utakuwa umepotoka kwa karibu mita 2, na baada ya kilometa moja kwa zaidi ya mita 17. Kipande cha chuma mfukoni kinatosha kuivuta dira. Ndiyo maana wapimaji makini husoma kila kipande mara mbili, kwenda na kurudi, na mtu mwingine huandika huku akirudia namba kwa sauti.

Kufuata maji kwa rangi

Mahali ambapo mtu hawezi kupita, rangi hupita. Mwaka 1931 Norbert Casteret, ambaye baadaye alishiriki misafara ya Pierre Saint-Martin, alitaka kujua yanakoenda maji yanayozama katika shimo liitwalo Trou du Toro, upande wa Hispania. Alimwaga humo kilo 60 za rangi ya fluoresini. Maji ya kijani yalitokea upande wa pili wa mlima, kwenye chemchemi inayoingia mto Garonne na kuelekea bahari ya Atlantiki. Wakati ule ulikuwepo mpango wa kuyageuza maji hayo kwa ajili ya umeme, kana kwamba ni ya Hispania peke yake. Jaribio hilo lilionyesha kwamba watu wa bonde la Ufaransa wangepoteza maji yao, na mpango ukaachwa.

Kutoka ramani hadi umeme

Mwaka 1953 vijana wa skauti kutoka Lyon waliufuata mto wa Pierre Saint-Martin hadi kwenye ukumbi walioupa jina la La Verna. Upana wake ni karibu mita 250, na kimo chake karibu mita 190. Kwa kutumia vipimo vya pango, shirika la umeme la Ufaransa lilichimba handaki la mita 660 hivi kutoka nje ya mlima, na mwaka 1960 lilitokeza ndani ya La Verna. Hata hivyo mradi wa umeme uliwekwa kando. Ilichukua karibu miaka 50 hadi kituo cha umeme kinachotumia mto ule kikaanza kazi, mwaka 2008. Handaki lilikuwa tayari, lakini handaki peke yake halikuleta umeme.

Mambo ya kuzingatia katika sharika

1. Pimeni maji wakati wa kiangazi. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 10, mnapata lita 172,800 kwa siku. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku, hivyo chemchemi hiyo ingetosha watu 6,900 hivi. Lakini ikiwa mwezi Oktoba ndoo hiyo hiyo inajaa kwa sekunde 100, inatosha watu 690 tu. Bomba lijengwe kwa hesabu ya Oktoba, si ya Aprili.

2. Msitupe kitu mashimoni. Mwaka 1891 mchunguzi Édouard-Alfred Martel na wenzake waliugua baada ya kunywa maji ya chemchemi nchini Ufaransa. Baadaye uligunduliwa mzoga wa ndama katika shimo lililo juu yake. Mwaka 1902 sheria ya Ufaransa ilikataza kutupa mizoga katika mashimo ya namna hiyo. Katika mawe ya chokaa maji hayachujwi na udongo. Yanayoingia juu hutokea chini jinsi yalivyo. Choo, josho na jalala vikae mbali na mashimo hayo.

3. Andikeni kila kipimo pamoja na tarehe na jina la aliyepima, na mtu wa pili akirudie.

4. Kagueni vitu vidogo kabla ya vikubwa: kamba, fundo, kifungio, na ngazi ya fundi anayeshuka kisimani.

Tunawaomba wahisani wetu watuelewe tunapoomba fedha za upimaji kabla ya fedha za mabomba. Nazo kamati zinazoandaa maombi ya maji zianze sasa kuweka daftari la vipimo vya kila mwezi, na nakala yake iambatanishwe na maombi. Ndoo, saa na daftari vinatosha kuanzia.