Pweza, uzazi na ziwa letu

Kwenye mikutano ya koperative tunaulizwa mara nyingi: ninyi maagronomu, mambo ya uzazi yanawahusu nini? Mlikuja juu ya mihogo na samaki, muachie muganga kazi yake. Ulizo hilo ni zuri. Tuangalie kwanza fasi moja ambako watu walijaribu.

Iko Madagaska, kusini-magharibi, kijiji cha Andavadoaka. Wavezo wa pale wanaishi kwa bahari kama vile watu wa Fizi na Moba wanaishi kwa ziwa. Wamama wanangojea maji yapungue, wanatembea juu ya miamba na fimbo mkononi, wanatafuta pweza. (Kwa ambaye hajamuona: ni mnyama wa bahari mwenye mikono 8, hana mfupa, anajificha kwenye matundu.) Pweza alianza kupungua. Mwaka 2004 wanakijiji, pamoja na shirika Blue Ventures, walifunga mwamba mmoja, Nosy Fasy, kwa miezi 7. Si bahari yote, fasi moja tu. Pweza anakua haraka sana, kwa hiyo miezi michache inatosha ili mdogo apate uzito. Walipofungua mwaka 2005 vijiji jirani viliona, navyo vikataka. Mwaka 2006 vijiji zaidi ya 20 viliungana katika Velondriake, maana yake kuishi na bahari.

Lakini wamama walikuwa na shida nyingine. Mwenye kutaka kupumzika kati ya mimba na mimba ilimlazimu aende Morombe, karibu kilometa 50, kwa miguu kwenye mchanga ao kwa pirogi ya tanga. Mwaka 2007 kliniki ya uzazi wa mpango ilifunguliwa palepale Andavadoaka, na baadaye wamama wa vijiji walifundishwa kugawa vidonge na sindano karibu na nyumba. Mwanzoni karibu wanawake 10 kwa 100 walikuwa wanatumia njia hizo. Miaka 6 nyuma, ilikuwa zaidi ya nusu. Hakuna aliyewalazimisha, haja ilikuwapo, njia ndiyo ilikosa.

Inagusa samaki namna gani? Mama mwenye mimba kila mwaka hana nafasi ya kukaa kwenye mkutano unaochagua fasi ya kufunga, na mara nyingi yeye ndiye anayeijua ile fasi kuliko wote. Tena mtoto akishikwa na kuhara wakati uvuvi umefungwa, baba ataenda usiku na nyavu ya matundu madogo kutafuta franga ya dawa. Wewe ungefanya nini?

Hapa tuseme wazi, sababu tunajua maneno yanayopita vijijini: hatukubaliani na mwenye kusema «zaeni kidogo ili samaki wapone». Ziwa Tanganyika linapata joto, maji ya chini yenye kulisha samaki hayapandi tena vizuri. Ile haikutoka kwenye tumbo la mama wa Fizi. Mpango wa uzazi ni juu ya afya ya mama na mtoto, na bibi na bwana ndio wanaamua. Koperative ikianza kuhesabu watoto wa watu, itapoteza wanamemba, na itakuwa haki yake.

Ng'ambo ya ziwa, kuelekea milima ya Mahale inayotazamana na Kalemie, mradi Tuungane umefuata njia hiyohiyo: kamati za wavuvi, msitu na afya kwenye vijiji vilevile.

Kwetu inaweza kuanza bila franga nyingi. Mbele ya kufunga fasi ya mazalio, mwalike muganga wa kituo na RECO kwenye mkutano, na mkutano uwe saa ambayo wamama wametoka shamba. Pirogi ya koperative inayopeleka mbegu Jumatatu ibebe pia dawa za kituo. Miezi ya kufunga ilingane na mavuno ya mahindi, isilingane na miezi ya njaa. Na siku ya kufungua, wakati watu wote wako ufukoni, RECO awe pale na meza yake, chanjo na mazungumzo, kando ya mizani.