Mfereji Uliookolewa na Majirani Zake

Kusini mwa Uingereza, baina ya mji wa Reading na bandari ya Bristol, ipo njia ya maji iitwayo Kennet and Avon, yenye urefu wa kilomita 140 hivi, ambayo sehemu yake ni mito miwili na sehemu ni mfereji uliochimbwa kwa mikono ya vibarua chini ya mhandisi John Rennie. Ilipokamilika mwaka 1810, mashua ziliweza kuchukua makaa na mawe ya kujengea kutoka magharibi hadi Mto Thames pasipo kuikabili bahari, na vijiji vingi vya kandokando vikapata riziki kwayo.

Fahari hiyo haikudumu. Reli ilipoingia iliichukua biashara, na mwaka 1852 kampuni ya reli yenyewe ikaununua mfereji. Na kwa kuwa ni nadra tajiri kugharimia kwa moyo safi kitu kinachoshindana na mali yake, uliachwa uzeeke, hata katika miaka ya 1950 milango ikawa imeoza, maji yamevuja, na magugu yametamalaki.

Yapasa kueleza kwa nini uharibifu wa namna hiyo ni mzito. Mfereji huo wapanda vilima na kushuka, nayo maji hayapandi kilima. Kwa hiyo vilijengwa vyumba vyenye milango ya mwaloni mbele na nyuma, ambamo mashua huingia, milango ikafungwa, kisha maji yakajazwa au kupunguzwa mpaka chombo kikalingana na upande wa pili. Katika Caen Hill, karibu na Devizes, vipo vyumba 29 vya aina hiyo, na 16 miongoni mwavyo vimepangwa safu moja. Kimoja kikiharibika, safari yote imekatika.

Shirika la serikali, ambalo wakati huo ndilo lililoumiliki mfereji badala ya kampuni ya reli, lilipoazimia kuufuta kwa sheria, wenyeji na wapenzi wake, waliokuwa wameunda jumuiya tangu 1951, waliandika arzihali kwa Malkia ikatiwa saini na watu zaidi ya 20,000, na mwaka 1956 wakaipeleka London kwa njia ya maji. Mfereji haukufutwa, na mwaka 1962 jumuiya ikageuka amana iliyosajiliwa, yenye idhini ya kukusanya fedha na kufanya mapatano. Ndipo kazi ilipoanza hasa: watu wa kila hirimu wakatumia siku zao za mapumziko kuzoa tope na kufyeka vichaka, na wengine wakaifufua mitambo ya mvuke ya Crofton, mmoja wao wa mwaka 1812, ambayo ndiyo iliyopandisha maji hadi kilele cha mfereji.

Hata hivyo, mapenzi peke yake hayajengi ukuta wa mawe. Shirika la serikali lililomiliki mfereji lilitoa wahandisi na kuangalia usalama, halmashauri za wilaya zikachangia, na amana ikatafuta fedha na kuwaunganisha wanavijiji. Kila mmoja akajua mpaka wa wajibu wake, na tarehe 8 Agosti 1990 Malkia Elizabeth II akaifungua njia nzima tena. Hata baada ya sherehe hizo upungufu wa maji na udhaifu wa kingo uliendelea, mpaka ruzuku ya pauni milioni 25 kutoka mfuko wa bahati nasibu ya taifa, iliyotolewa mwaka 1996, ilipowezesha ukarabati wa kudumu.

Tangu 2012 mfereji umo mikononi mwa taasisi ya hisani, Canal & River Trust, ambayo hutegemea sana watu wa kujitolea. Hilo ni jambo la busara, kwa maana mlango wa mwaloni huoza tena baada ya robo karne hivi, na kila kizazi hudaiwa upya. Yeyote atakaye kuhuisha turathi ya mji wake, uwe mfereji, kisima au boma, na aanze kwa kuuliza ni nani atakayeitunza siku wafadhili watakapokwenda zao. Na watu hao awashirikishe tangu shauri la kwanza, wala asingoje mpaka kazi imekwisha.