Kopi ya haraka: ext4 ao exFAT? Nirudilie vizuri

Wandugu, mwezi uliopita niliandika hapa kama exFAT inashinda ext4 mbali sana kwa kufanya kopi ya akiba. Nilikosea. Na watu wawili kati yenu wamekwisha kuformata disiki zao juu ya neno langu, njo maana narudi.

Nilifanya hivi. Nilikata disiki ya inje vipande viwili: cha mbele exFAT, cha nyuma ext4. Nikachukua folda ya memware yangu, Go 2, picha za majani ya mihogo na tufaili tudogo twa vipimo. Nikakopi kwanza ku ext4, kisha ku exFAT. Ya pili ikamaliza mu nusu ya wakati, nikafurahi.

Kumbe masini yangu iko na RAM ya Go 8. Kopi ya kwanza ilisoma folda yote ku disiki ya ndani, na Linux ikaibakisha mu RAM. ExFAT ilikuta chakula kimekwisha kupikwa.

Tena, disiki ya kuzunguka si udongo mumoja. Mwanzo wake kwa kawaida uko ku ukingo wa inje, na pale, kila mzunguko unapitisha data mingi kuliko karibu na katikati. Mimi mwenye lisansi ya agronomia! Nani anaweka mbolea moja ku bonde, ingine ku mulima, kisha anasema ya bonde njo nzuri?

Nimerudilia: kipande kile kile, kinaformatiwa upya kila mara, folda ile ile. Kabla ya kila kopi nazima masini na kuiwasha tena, RAM iwe tupu. Saa naisimamisha nyuma ya amri ya sync, juu Linux inaweza kusema «imeisha» wakati data ingine ingali mu RAM, haijafika ku disiki. Mara tatu kwa kila mfumo. (Musipime kusoma kwa kutuma tar ku /dev/null: tar ya GNU ikiona anwani ile, haisomi hata mambo ya ndani ya faili. Itawapa mwendo wa ajabu wa bure.)

Tofauti ile kubwa ikapotea. Ku picha walienda karibu sawa; ku tufaili tudogo, ext4 ikatangulia kidogo.

Basi kama unachagua, mwendo si wa kwanza. Ext4 iko na jurnali: umeme ukikatika katikati ya kopi, mpango wa disiki unarudishwa kwa urahisi. ExFAT haina, lakini Windows inaisoma bila shida, ext4 hapana. FAT32 muache: inakataa faili ya kufikia Go 4.

Ninyi wawili, kama disiki inapita mu masini za Windows, mubakie na exFAT, lakini muichomoe vizuri kila mara. NTFS sijaipima bado. Mwenye disiki ya kuazimisha aniandikie.