Mbu, Malaria na Degedege: Majina ya Maradhi katika Tiba za Jadi

Katika kusanifu istilahi za tiba, aghalabu sisi huanza na vitabu vya madaktari, na maneno ya wananchi tukayaweka mwisho. Mfano mmoja kutoka Usambara waonyesha hasara ya mwenendo huo.

Mwaka 1898 Robert Koch, mtaalamu wa viini kutoka Ujerumani, alichunguza homa katika milima hiyo. Aliarifu kwamba wenyeji walioteremka nyikani walirudi na maradhi waliyoyaita mbu, jina lile lile la mdudu ambaye, kwa maelezo yao, ndiye aliyewapa. Neno malaria, lililokwisha kuenea duniani, lilitoka katika Kiitaliano na maana yake ni hewa mbaya. Ronald Ross alikuwa ameviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu mwaka uliotangulia tu, huko India. Hivyo jina la mlimani lilikuwa na elimu iliyokosekana katika jina la vitabuni. (Hatudai neno malaria liondolewe, limekwisha kukita mizizi, zahanati hata sokoni.)

Si kila jina la jadi lina usahihi huo. Mwarobaini umeitwa hivyo kwa kusadikiwa kuwa huponya maradhi arobaini. Hiyo ni sifa ya mti, si hesabu. Neno mganga nalo limebeba watu wawili: Mganga Mkuu wa Wilaya na mtaalamu wa mitishamba. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imesaidia kuwapambanua.

Linalotushughulisha zaidi ni degedege. Ni jina la nondo, na pia la mtukutiko wa mwili umpatao mtoto. Katika sehemu nyingi za nchi hali hii imehesabiwa kuwa maradhi ya mashetani, ya kutibiwa kwa mafusho na mvuje, na wazazi huogopa kwamba sindano itamwua mtoto. Kumbe mara nyingi chanzo chake ni malaria kali, na kila saa ya kuchelewa ni hatari. Bango la afya likisema "malaria ya ubongo", mama anayeona degedege hatajua kuwa ndiye anayeambiwa. Kwa hiyo twapendekeza maandishi yote ya umma yatumie "degedege la malaria", na neno la mama litangulie.